Malkia Charlotte: Tusome Barua, Tuache Pua

Limezuka dai, na sasa limeota mizizi hata katika kumbi zetu za mihadhara, kwamba Uingereza iliwahi kuwa na malkia Mwafrika. Anayetajwa ni Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, mke wa Mfalme George wa Tatu. Dai hili lilipata miguu ya kukimbilia tangu Desemba mwaka wa 2020, pale mfululizo wa televisheni uitwao Bridgerton ulipoanza kuonyeshwa, naye Golda Rosheuvel, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Guyana, akauvaa uhusika wa malkia huyo. Mwaka wa 2023 ukafuata mfululizo mwingine uliobeba jina la Charlotte mwenyewe. Leo si ajabu kumsikia mwanafunzi wa fasihi akilitaja jambo hili kana kwamba lilikwisha kuthibitishwa, tena kwa fahari ya mtu aliyegundua kuwa jirani yake tajiri ni ndugu yake wa damu.

Makala haya hayana ugomvi na waigizaji. Mchezo ni mchezo, na mfululizo huo wa pili huanza kwa kumtahadharisha mtazamaji kwamba si somo la historia. Ugomvi wangu ni na sisi wasomaji. Tumeshughulika mno kuukagua uso wa mwanamke huyu, ilhali maandishi yanayomhusu yapo, na katika maandishi hayo Afrika imo kwa sauti yake yenyewe. Ilimwandikia barua.

Kwanza tulitazame dai lenyewe. Katika miaka ya 1940 J. A. Rogers, mwandishi mzaliwa wa Jamaika, alidai kuwa Charlotte alikuwa na damu ya Kiafrika. Katika miaka ya 1990 Mario de Valdes y Cocom akalikuza dai hilo kwa kufuata nasaba ya malkia hadi kwa mwanamke wa ukoo wa kibwanyenye wa Ureno, Margarita de Castro e Sousa, na kutoka kwake hadi kwa Madragana, aliyekuwa suria wa Mfalme Afonso wa Tatu wa Ureno katika karne ya 13. Kati ya Madragana na Charlotte kuna karne tano hivi. Isitoshe, jina aliloitwa Madragana ni lile ambalo Wareno waliwaita Waislamu wa Ureno na Uhispania kwa jumla, wawe Waarabu, Waberiberi au wenyeji waliosilimu. Halitaji rangi ya mtu. Na hata tukikubali kila hatua ya nasaba hiyo, tutalazimika kuwahesabu kuwa Waafrika wafalme na malkia chungu nzima wa Ulaya, kwa kuwa koo hizo zimeoana na kuoana tena mpaka zimekuwa kama mkeka mmoja.

Hoja ya pili ni ya uso. Wenye dai husema tazama picha alizozichora Allan Ramsay, tazama pua, tazama midomo. Husema pia kwamba tabibu Mjerumani aitwaye Stockmar aliandika kuwa malkia alikuwa na uso wa chotara. Stockmar alifika Uingereza mwaka wa 1816, Charlotte akiwa bibi kizee wa miaka 72, na maandishi yake yalichapishwa na mwanawe mwaka wa 1872. Sentensi moja ya kumbeza ajuza imegeuzwa kuwa cheti cha kuzaliwa! Yatupasa tujiulize tunafanya nini hasa tunapopima Uafrika wa mtu kwa upana wa pua yake. Kipimo hicho tunakijua. Kilibuniwa na watu ambao hawakututakia mema, na si vyema tukiokote leo kwa kuwa tu safari hii kinatupa malkia.

Basi Charlotte alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 19 Mei mwaka wa 1744 huko Mirow, katika utawala mdogo wa Mecklenburg-Strelitz, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Babake alifariki mwaka wa 1752, na mamake akafariki mwaka wa 1761, katika miezi ile ile ya posa. George alikuwa amerithi ufalme Oktoba mwaka wa 1760, akawa anatafutiwa mke wa dhehebu la Kiprotestanti, ikiwezekana kutoka ukoo usio na makuu katika siasa za Ulaya. Mshenga wake, Kanali David Graeme, akatumwa Strelitz. Bibi harusi akasafirishwa kwa merikebu ya kifalme iliyobadilishwa jina kwa heshima yake, ikaitwa Royal Charlotte. Bahari ilichafuka, safari ikarefuka. Aliteremka Harwich tarehe 7 Septemba. Kesho yake akafika London, akamwona mumewe kwa mara ya kwanza, na usiku huo huo ndoa ikafungishwa katika kasri la St James's. Tarehe 22 Septemba wote wawili walitawazwa katika Westminster Abbey. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na Kiingereza hakukijua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa Charlotte lilikuwa la uzazi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Agosti mwaka wa 1762, kabla ya harusi kutimiza mwaka, na wa mwisho, Amelia, alizaliwa mwaka wa 1783. Ni watoto kumi na watano kwa miaka ishirini na moja, na wawili kati yao walifariki wakiwa wadogo. Mumewe alimwagiza asijitie katika siasa. Akatii, akajishughulisha na muziki, vitabu na mimea. Mozart, akiwa mtoto wa miaka minane, alimpigia kinanda mwaka wa 1764, na mwaka uliofuata sonata sita za mtoto huyo zikachapishwa zikiwa zimetabarukiwa kwa malkia. Na lile ua la rangi ya chungwa na samawati lenye umbo la kichwa cha ndege, ambalo hupandwa katika bustani nyingi za Nairobi, kitaalamu huitwa Strelitzia reginae. Asili yake ni Afrika Kusini. Joseph Banks, aliyesimamia bustani za mfalme huko Kew, ndiye aliyelipa jina la nyumbani kwa malkia. Huo, nadhani, ndio Uafrika pekee wa jina la Strelitz ambao hauna ubishi.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, utajiri wa maisha yake umo katika namna alivyoishi miaka hamsini na saba ndani ya lugha aliyoifikia ukubwani. Alijifunza Kiingereza hata akaandika shajara kwa lugha hiyo. Zile za mwaka wa 1789 na 1794 zimehifadhiwa katika kumbukumbu za kifalme. Lakini hakuacha kumwandikia nduguye Karl aliyebaki Ujerumani, na barua hizo zipo kwa mamia.

Zaidi ya hayo tunayo shajara ya mtu aliyemhudumia chumbani mwake. Fanny Burney alikuwa tayari mtunzi wa riwaya mwenye jina, kwa sababu ya Evelina ya mwaka wa 1778, alipoajiriwa mwaka wa 1786 kuwa mtunzaji msaidizi wa mavazi ya malkia kwa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Aliitwa kwa kengele, kama mtumishi mwingine yeyote. Mkubwa wake kazini alikuwa Juliane Elisabeth Schwellenberg, Mjerumani aliyekuja na Charlotte mwaka wa 1761, na ambaye alifuga vyura chumbani mwake kwa mapenzi makubwa. Burney alimchukia. Katika shajara yake amemwandika Schwellenberg kama alivyomsikia: sarufi imepinda, matamshi yamevaa Kijerumani, na msomaji anacheka. Malkia naye, aliyetoka nchi ile ile kwa merikebu ile ile, amesifiwa kwa ufasaha wa Kiingereza chake.

Mbinu hii twaijua vyema. Vichekesho vyetu vya televisheni vimeitumia miaka nenda miaka rudi: bawabu ana lafudhi, mwenye duka ana lafudhi, mheshimiwa hana. Siamini kuwa masikio ya Burney yalikuwa mabaya. Naamini yalisikia cheo kabla ya kusikia sauti. Schwellenberg hakutuachia shajara ya kumjibu, hivyo tangu ya Burney ilipochapishwa, miaka ya 1842 hadi 1846, bibi huyo amebaki kuwa mtu wa kuchekwa. Nimelitaja hili kwa sababu linatuandaa kwa swali la nani huandikwa na nani huandika, na sasa tunamfikia mtu aliyeamua kujiandika mwenyewe.

Tarehe 21 Machi mwaka wa 1788 Malkia Charlotte alipelekewa ombi la maandishi na Olaudah Equiano. Kwa maelezo yake mwenyewe, Equiano alizaliwa yapata mwaka wa 1745 katika nchi ya Waigbo, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. (Kumbukumbu za ubatizo na za meli humtaja kuwa mzaliwa wa Carolina Kusini, na wataalamu wangali wanabishana.) Alibatizwa London Februari mwaka wa 1759 katika kanisa la St Margaret's, hatua chache tu kutoka Westminster Abbey ambamo Charlotte angevikwa taji miaka miwili na nusu baadaye. Mwaka wa 1766 alijinunua kwa pauni 40 zilizotokana na biashara yake ndogo ndogo.

Wawili hao walikuwa rika moja. Wote walivuka bahari wakiwa wadogo kwa amri ya watu wengine, na wote wakajifunza Kiingereza ugenini. Lakini msomaji asinielewe vibaya, sisemi walifanana. Kwa Charlotte, merikebu ndiyo iliyobadilishwa jina ili imstahi. Equiano alikuwa ndani ya merikebu mmiliki wake alipombandika jina la Gustavus Vassa, na alipolikataa alipigwa hadi akaliitika. Iwapo kuna mtunzi kijana miongoni mwetu anayetafuta tamthilia, basi na aanzie kwenye merikebu hizo mbili.

Katika ombi lake Equiano hakujidai kuwa jamaa wa malkia, wala hakumwambia kuwa ana asili ya Afrika. Alimwomba kwa niaba ya Waafrika wenzake waliokuwa wakiteswa utumwani katika visiwa vya West Indies, akamsihi azungumze na mumewe ili wapate nafuu ya sheria na kuhesabiwa kuwa watu. Alichagua wakati wake kwa busara. Mwaka huo serikali ilikuwa imeanza kuichunguza biashara ya watumwa, na Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kupunguza msongamano katika meli zake. Equiano anatuambia kwamba malkia alilipokea ombi kwa ukarimu.

Na kisha? Kisha kimya. Charlotte hakutoka hadharani kuikemea biashara hiyo, nayo iliendelea kwa miaka kumi na tisa zaidi, hadi sheria ya mwaka wa 1807. Atakayemtetea atasema kwamba alikatazwa siasa tangu siku za harusi. Atasema pia kwamba miezi michache baada ya ombi hilo mfalme alishikwa na ugonjwa wa akili, na tangu hapo malkia hakuwa na raha. Yote mawili ni kweli. Ugonjwa ule ulirudi tena na tena, na kuanzia mwaka wa 1811 yeye ndiye aliyewekwa kisheria kuwa mlezi wa mumewe, hadi yeye mwenyewe alipofariki huko Kew tarehe 17 Novemba mwaka wa 1818. Mimi humhurumia ninaposoma habari za miaka hiyo. Lakini huruma hiyo haikijazi kimya cha mwaka wa 1788. Alikuwa mtu aliyeombwa, na kama wengi walioombwa, alipokea kwa adabu na kuweka kando.

Ajabu ni kwamba ombi lile liliingia nyumbani mwake kwa mlango mwingine. Equiano alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka wa 1789, akiwa ameliweka ombi lenyewe ndani yake, alikiuza kwa kuwaandikisha wanunuzi mapema. Juu kabisa ya orodha ya waliojiandikisha kuna wana wawili wa Charlotte, George aliyekuwa mrithi wa ufalme, na Frederick, Mtawala wa York. Mwana wa tatu, William, alisimama katika Baraza la Mabwanyenye mwaka wa 1799 akaitetea biashara ya watumwa. Huyo William ndiye aliyekuja kuwa mfalme mwaka wa 1830, na utawala wake ndio ulioitia muhuri sheria ya mwaka wa 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni. Tumbo moja lilitoa wanunuzi wa kitabu cha Equiano na wakili wa waliomtumikisha! Kwa mtafiti mwenye njaa ya uhusiano kati ya Charlotte na Afrika, hapa pana chakula cha kutosha, na hakuna haja ya kwenda Ureno ya karne ya 13.

Pana hata sukari. Bunge lilipoukataa mswada wa Wilberforce mwaka wa 1791, maelfu ya Waingereza waligoma kula sukari iliyolimwa na watumwa. Machi mwaka wa 1792 mchoraji wa vibonzo James Gillray akamchora mfalme na malkia wakinywa chai isiyo na sukari, Charlotte akiwabembeleza binti zake walionuna wanywe, na kuwakumbusha gharama ambazo baba yao angeokoa. Gillray alikuwa akimcheka kwa ubahili, sifa ambayo Waingereza walimbandika pamoja na ile ya kunusa ugoro. Lakini kitazame kibonzo hicho kwa jicho la mhakiki: mtumwa aliyeilima sukari ametajwa kwa ajili ya mzaha, na yeye mwenyewe hayumo mezani wala pichani.

Nafahamu kuwa yupo msomaji atakayesema kwamba namnyang'anya mtoto wa Kiafrika malkia wake. Je, malkia huyo angemfaa nini? Heshima ya Equiano haikutegemea kama aliyemwandikia alikuwa na tone la damu ya Madragana. Mkataa kwao ni mtumwa, walinena wahenga, na kuna namna ya kukataa kwetu inayojificha ndani ya fahari ya kuwa na jamaa katika kasri la watu. Na kama ni lazima tuwe na binti mfalme aliyevuka bahari kati ya ulimwengu wetu na wa Ujerumani, basi pwani yetu inaye. Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka wa 1844, karne moja kamili baada ya Charlotte. Alielekea Hamburg mwaka wa 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, akajifunza Kijerumani akiwa mtu mzima, akafiwa na mume mwaka wa 1870, na mwaka wa 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa lugha hiyo ya ugenini. Alizaliwa na suria Mcherkesi katika nyumba iliyotajirika kwa utumwa, na msimamo wake kuhusu utumwa humkera msomaji wa leo. Ni vizuri amkere. Ndiyo kazi ya maandishi halisi. Hayaji yakiwa yamenyolewa na kupakwa mafuta ili yatupendeze.

Ningependa basi kuwapa wanachama wenzangu, na walimu wetu wanaofundisha tafsiri, pendekezo moja. Ombi la Equiano kwa Malkia Charlotte ni fupi. Laweza kutafsiriwa kwa wiki moja ya semina. Ni zoezi zuri kwa sababu linaulizia rejista ambayo Kiswahili kinayo tele lakini sisi tumeiacha ishike kutu. Mwandishi anazungumza na mtu wa juu kabisa, kwa unyenyekevu ambao haujidhalilishi, na chini ya unyenyekevu huo kuna shutuma. Nyaraka za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilikuwa na mianzo na miisho maalumu ya kumstahi mpokeaji. Je, tuitumie hapa, au tutakuwa tumemvisha Equiano kanzu isiyo yake? Kichwa kiwe "ombi", au turudie neno la kongwe zetu, "arudhihali"? Na malkia aitwe Mtukufu, au Bibi?

Nimeijaribu aya ya kwanza nikakwama katika neno moja, lile analomwomba malkia awaonee wenzake. Nikiandika "rehema", anaombwa kama aombwavyo Mungu. Nikiandika "huruma", anaombwa mtu kwa mtu. Kwa sasa nimeandika "huruma".